Daktari kaniambia nichague dawa ya kolaitisi, nimeitikia tu

Nuru_M:
Habari zenu wapendwa. Nina kolaitisi ya vidonda, yaani vidonda kwenye utumbo mpana, mwaka wa 4 huu. Mwaka huu peke yake nimeshakula dozi za prednisoloni (zile steroidi za kutuliza uvimbe) mara 3, nikimeza natulia, dozi ikianza kupunguzwa damu inarudi chooni. Daktari anasema nichague azathioprini (vidonge vya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili) au sindano za biolojiki (zinazozuia sehemu ya kinga inayoleta uvimbe), kanipa wiki 2. Alieleza haraka haraka nami naitikia tu ndio daktari, ndio daktari, nimetoka pale sijaelewa kitu. Halafu kuna kitu nimemficha, ile mesalazini (dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo) ya maji ya kuingiza kwa nyuma niliacha kitambo maana usiku inavuja, yeye anajua bado natumia. Naogopa atanigombeza. Nianzeje?

BabaT:
Pole sana dada yangu. Anza na hilo hilo, kabla hata hujaulizwa unaendeleaje, maana yeye anahesabu dawa imeshindwa kumbe haijafika kwenye kidonda. Ugonjwa wetu huu unaanzia mwisho kabisa wa utumbo mpana, vidonge vya mesalazini na ya kuingiza kwa pamoja vinafanya kazi kuliko vidonge pekee. Yangu nayo ilikuwa inavuja, nesi akanifundisha nikishike kichupa mkononi kipate joto, nilale ubavu wa kushoto, nisiinuke nusu saa. Ila steroidi mara 3 kwa mwaka ni nyingi, mpango mwingine lazima uwepo. Na usiziache ghafla tafadhali.

zai_zai:
Mimi niko kwenye azathioprini. Haina haraka, huchukua miezi 2 hadi 3 ndio uone nafuu, na damu inapimwa mara kwa mara sababu ya ini na chembe nyeupe. Biolojiki nyingi, kabla hujaanza wanakupima TB na homa ya ini B. Kama unawaza kubeba mimba mwambie, inaweza kubadilisha dawa ya kuchagua. Na usiseme "naendelea vizuri", nilisema hivyo miezi huku usiku naamka mara 5, sasa naandika kwenye simu kila choo na kila damu, namwonyesha.

Nuru_M:
Asanteni mno. Jana usiku nimeamka mara 4, niandike na hiyo?

zai_zai:
Andika mpenzi. Ila choo chenye damu kikifika mara 6 kwa siku, na homa au moyo kwenda mbio, usingoje hizo wiki 2, nenda hospitali siku hiyo hiyo.