Naomba ushauri: faili la PHP linarudi kwenye uploads baada ya kusafisha WordPress

Habari zenu wakuu. Tovuti ya WordPress iliingiliwa kupitia programu-jalizi ya fomu iliyokuwa inapokea mafaili bila kukagua aina yake. Programu-jalizi hiyo nimeshaifuta, lakini ndani ya wp-content/uploads (folda ya mafaili yanayopakiwa kwenye tovuti) faili la PHP (msimbo unaoendeshwa na seva) lenye jina lisiloeleweka linazaliwa upya kila usiku, saa ileile.

Nimeweka upya mafaili ya msingi, na wp core verify-checksums, amri inayolinganisha mafaili ya msingi na nakala rasmi, haikuonyesha kasoro (haikagui uploads wala mandhari, yaani themes). Nywila zote nimebadilisha, ya hifadhidata pia, pamoja na funguo za siri za wp-config.php (faili la mipangilio ya WordPress) ili waliokuwa wameingia watolewe. Kwenye wp_users (jedwali la watumiaji) hakuna msimamizi mgeni, na mu-plugins (folda ya programu-jalizi zinazojiwasha zenyewe) ni tupu. Seva ni Apache, hivyo nimezuia PHP isiendeshwe ndani ya uploads kwa .htaccess (faili la mipangilio ya Apache). Faili halifunguki tena, ila bado linaandikwa, na hilo linanitia wasiwasi kuliko faili lenyewe: kuna kitu bado kina ruhusa ya kuandika.

Saa kuwa ileile kunanifanya nishuku kazi iliyopangwa, lakini wp cron event list (orodha ya kazi zilizopangwa ndani ya WordPress) na crontab (orodha ya kazi zilizopangwa kwenye seva) ya mtumiaji wa tovuti ziko safi. Kuna tovuti nyingine chini ya mtumiaji huyohuyo wa mfumo.

Je, tovuti jirani inaweza kuwa ndiyo inayoandika? Na bila ruhusa ya root (msimamizi mkuu wa seva), nitaijuaje prosesi, yaani programu inayoendeshwa, inayoandika faili hilo?