Mke na watoto hawanisikilizi, nifanye nini?

Mwenye Mji: Habari za jioni wakuu. Nina mke na watoto wawili, wa kiume miaka 15, wa kike 9. Nikisema jambo ni kama nimeuambia ukuta. Kijana nikimtuma anamtazama mama yake kwanza ndipo anyanyuke. Mahitaji yote natoa mimi, silewi, silali nje. Jumamosi nimeita wazee wamkalishe mke wangu. Naombeni ushauri.

Mti Mkavu: Baba ndiye kichwa, hilo halina mjadala. Shika fedha zote mkononi, nidhamu itarudi.

Bibi Shauri: Mimi niseme ya kijana. Miaka 15 hatii amri zinazobadilika kila siku. Chagueni kanuni mbili tu, mfano saa ya kurudi nyumbani na saa ya kuweka simu mezani. Kubaliana na mama yake kwanza, kisha mwambieni pamoja. Akivunja, adhabu ni ileile, siku hiyohiyo, bila kelele. Baba akitangaza kwa hasira adhabu ya mwezi mzima, siku ya tatu mama anaifuta kwa sababu haitekelezeki, na mtoto anajua neno la nani ndilo la mwisho.

Mpima Maji: Ilianza lini? Mtoto hamtazami mama yake kwanza bila sababu.

Mwenye Mji: Mwaka jana. Mambo madogo ya fedha tu.

Mpima Maji: Yataje.

Mwenye Mji: Tulikuwa na akiba ya ada. Niliitoa nikaiingiza kwenye biashara, ikazama. Mke alijua siku kijana aliporudishwa nyumbani. Lakini nia yangu ilikuwa njema, na baba haombi ruhusa nyumbani kwake.

Jicho Kavu: Wakuu, tunachezewa. Mwanzo mahitaji yote anatoa yeye, sasa ada hakuna. Alilipa nani? Hadithi ya kutunga hii.

Mti Mkavu: Hata mimi naanza kushtuka.

Mwenye Mji: Sijatunga. Alilipa mke, alikopa kwenye kikundi chake na bado anarejesha. Niliona haya kuandika.

Mpima Maji: Hata kama ametunga, wenye shida hii wapo, kwa hiyo najibu. Ahirisha wazee. Wakimuuliza mkeo kwa nini hakuheshimu, ada itatajwa mbele yao wote. Leo andika kwenye karatasi kiasi ulichotoa, tarehe, na marejesho mangapi yamebaki kikundini. Deni lolote jingine liingie humohumo, maana likifichuka baadaye mnarudi mwanzo. Ongeeni watoto wakiwa wamelala. Anza na kiasi, usianze na sababu, na hiyo "nia njema" usiitaje kabisa. Kuanzia mwezi ujao marejesho ya kikundi lipa wewe, siku moja kabla ya tarehe. Ahidi kiasi utakachokiweza hata mwezi mbaya: ukiahidi nusu ya mshahara ukaleta robo, atakachokiona ni pengo. Akiba mpya iwe ya sahihi mbili, yako na ya mkeo, fedha isitoke bila nyote kusaini. Kabla ya miezi 6 bila kukosa, usitarajie heshima kurudi.

Mwenye Mji: Sahihi mbili si nimegeuzwa mtoto? Na wazee wameshakubali, mmoja anatoka safari ya mbali.

Bibi Shauri: Sahihi mbili zinambana na yeye pia. Huyo mzee mpigie sasa, mwambie kuna jambo unatakiwa ulimalize mwenyewe kwanza. Hatahitaji maelezo zaidi.

Mwenye Mji: Na kijana? Aliondolewa darasani mbele ya wenzake.

Mpima Maji: Baada ya mama yake. Mkiwa wawili, mnatembea, usimkalishe kama kesi. Mwambie: "Ada yako niliitumia mimi, nilikosea." Halafu nyamaza. Usimdai jibu siku hiyo.

Mwenye Mji: Mzee nimempigia. Karatasi nimeianza. Madeni ni mawili, si moja.