Kununua nyumba kongwe, kuitengeneza na kuiuza

Swali: Assalaam alaykum. Mimi na ndugu yangu tumeoneshwa nyumba ya ghorofa moja mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, Zanzibar, ambayo tungependa kuitengeneza na kuiuza. Plasta ya chini inabanduka, na anayeiuza ni mmoja wa warithi. Je, tuendelee?

Jibu: Waalaykum salaam. Plasta isiwashughulishe kabla ya mirathi, kwani mrithi mmoja hawezi kuwauzia nyumba nzima bila ya ridhaa ya wenzake, na bei ikiwa nzuri kupita kiasi mara nyingi sababu ni hiyo. Hakikisheni pia kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwamba nyumba si ya wakfu.

Jibu: Mimi ni fundi. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hupumua. Ukizipiga saruji, unyevu unaopanda kutoka chini hunaswa ndani na kuzila kuta taratibu, hata rangi mpya ikawa imemhadaa mnunuzi kwa msimu mmoja tu. Gongeni boriti pale zinapoingia ukutani, maana huanza kuoza nchani. Mji umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hivyo msiguse mlango wala dirisha bila ya kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Jibu: Nakubaliana na fundi. Ila chokaa inataka muda kukauka, na pesa zenu zitakuwa zimelala humo. Kama ni za mkopo, bora mnunue kiwanja Fuoni, nje ya mji.