Bosi anayetubana mpaka pumzi: nivumilie mkataba uishe, niandike notisi au niende CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi? (Kigoma mjini)

kaunta_mwanga
Wakuu habari za jioni. Niko hapa Mwanga, ni keshia duka la jumla la vifaa vya ujenzi, jina naliacha maana mji wenyewe mdogo huu. Shida yangu sio kazi, kazi naiweza, shida bosi. Asubuhi simu zetu zinaingia kwenye boksi anafunga mwenyewe, ukienda chooni unaandika kwenye daftari umetoka saa ngapi umerudi saa ngapi, kamera anaziangalia akiwa kwake na ukikaa kidogo tu anapiga simu ya dukani "mbona umekaa". Ukicheka na mteja unaulizwa mnajuana wapi. Tunaingia saa moja asubuhi tunatoka saa mbili usiku Jumatatu mpaka Jumamosi halafu usiku tena anatuma voisi kwenye grupu anataka kila mtu ajibu. Tumefika mahali tunaogopana wenyewe kwa wenyewe, hujui nani anapeleka maneno. Mkataba ni wa miaka miwili, unaisha mwakani mwezi wa nne. Nivumilie, niandike notisi nikauze dagaa na dada yangu Kibirizi, au nimpeleke CMA? Matusi msiniletee, ya mchana yananitosha.

mgebuka_mkavu
Pole sana dada. Andika notisi kesho, siku 28 zikiisha uko huru. Dagaa wana hela.

baba_wawili_gungu
Mgebuka unaongea kama mtu anayekula dagaa tu hujawahi kuwanunua pale mwaloni alfajiri. Mimi ndio biashara yangu. Hela ipo sikatai, ila sio ya kila wiki. Dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala na wewe unalala. Masika usipopata jua la kuanikia mzigo unageuka chakula cha kuku. Na 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu, waliokuwa hawana akiba waliuza mpaka turubai. Mdogo wangu kama dada yako ana mtaji wake na wateja wake wa Dar we ingia kama msaidizi kwanza, usiende na mshahara wa mwisho mkononi ukadhani huo ni mtaji.

HR_mstaafu
Nipo Tabora ila sheria ni moja. Mgebuka umempoteza dada wa watu. Hizo siku 28 ni kwa mkataba usio na kikomo unaolipwa kwa mwezi. Huyu ana mkataba wa muda maalumu, na kanuni za 2007 zinasema wa namna hiyo unajiuzulu kabla ya muda endapo mwajiri kauvunja mkataba kwa jambo kubwa, la sivyo mkubaliane auvunje kwa hiari. Ukiondoka tu bosi wa aina hiyo atakudai wewe, tena kwa furaha.
CMA nayo watu wanaitaja kama polisi. Huendi kushtaki ukali wa mtu. Sheria ya Ajira ya 2004 inatambua mtu aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri kafanya kazi isivumilike, inahesabika ni kuachishwa, ila mzigo wa kuonyesha ni wako, na una siku 30 tu tangu uache kazi kupeleka fomu ya malalamiko CMA. Daftari la choo peke yake sioni kama litakubeba. Masaa yatakubeba. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi analipa mara moja na nusu. Nyinyi mko 13 kwa siku! Anza kuandika kwako nyumbani, tarehe, kuingia, kutoka.

isevya_kwetu
Mi nilivumilia mpaka mkataba ukaisha, niliondoka na cheti cha utumishi na vidonda vya tumbo. Cheti kilinisaidia kupata kazi nyingine sio siri. Lakini kama umeshaanza kukosa usingizi miezi hiyo ni mingi dada, usione aibu.

kaunta_mwanga
Asanteni, HR umenifungua macho. Sasa jana kuna mtu kaniambia niangalie michango yangu NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nimekuta kuna miezi haipo kabisa na mshahara nilikuwa napokea pungufu anasema kakata.

mgebuka_mkavu
Eeh! Hapo sasa imekuwa kesi nyingine.

HR_mstaafu
Kubwa kuliko zote ulizoandika juu. Ile asilimia 20 ya mshahara inayopelekwa NSSF, nusu yake ni jasho lako, akikata asipeleke ni kosa lake na ndipo unapata cha kusemea kwamba mkataba kauvunja yeye. Salary slip za miezi hiyo unazo?

kaunta_mwanga
Slip hatupewi, tunasaini kwenye daftari lake basi.

HR_mstaafu
Malipo lazima yaambatane na maelezo ya maandishi, mwombe kwa barua ya kistaarabu, usitaje NSSF humo. Nakala ubaki nayo. Halafu nenda ofisi ya NSSF mwenyewe kabla hujaandika neno lolote la kuacha kazi.

kaunta_mwanga
Naenda lini mkuu, saa za ofisi zote niko kaunta.

baba_wawili_gungu
Likizo je?

kaunta_mwanga
Likizo sijawahi kupewa tangu nianze.

HR_mstaafu
Siku 28 kwa mwaka na malipo yake. Barua ya likizo ndio itangulie basi, hiyo ya slip isubiri. Akikataa mwambie akuandikie kwamba amekataa.