Jasho la kichwani na usoni linanitoka kupita kiasi: nifanyeje?

Karani wa Kimara

Ndugu zangu, habari za leo. Nina umri wa miaka 34, nafanya kazi ya kupokea nyaraka za wateja katika ofisi moja mjini, na tatizo langu ni jasho la kichwani na usoni. Sizungumzii jasho la Februari ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam analijua. Hili langu huanzia utosini, likashuka kwenye paji la uso na kuchuruzika hadi kidevuni hata nikiwa nimekaa chini ya feni, huku mikono, mgongo na makwapa yangu vikiwa vikavu.

Asubuhi napanda mwendokasi, na nikifika Kivukoni kola ya shati huwa imelowa kama niliyenyeshewa. Dirishani hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mteja akinitazama tu, jasho huongezeka. Wiki iliyopita tone lilidondokea fomu ya mama mmoja na kuharibu wino wa sahihi yake. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, unaumwa?" Swali lake halikuniudhi, kilichoniumiza ni kwamba sikuwa na jibu la kumpa.

Hali hii ilianza nikiwa kidato cha tano, na marehemu baba naye alikuwa hivyo hivyo, hakutoka nyumbani bila taulo dogo begani. Usiku nikilala silowi hata kidogo. Chai ya moto na pilipili huzidisha. Nimejaribu kutokunywa maji asubuhi ili jasho lipungue, nikaishia kuumwa kichwa. Je, huu ni ugonjwa? Na mtu ambaye kazi yake ni kukutana na watu anaishi na hali hii vipi?

Muuguzi wa Temeke

Pole sana, kaka. Naanza na jambo ambalo naomba uliache leo hii: usijinyime maji. Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na zinazoziamrisha ni mishipa ya fahamu. Kwa baadhi ya watu mishipa hiyo hutoa amri kubwa kuliko mahitaji ya mwili, hasa wanapotazamwa, wanapokuwa na wasiwasi au wanapokula vitu vya moto na vikali. Ukijinyima maji, jasho litaendelea kutoka huku mwili ukikauka, na huenda ndiyo maana kichwa kinakuuma.

Maelezo yako yanafanana na hali ya jasho jingi isiyotokana na ugonjwa mwingine, kwa kuwa ilianza ujanani, imo katika familia, hushika sehemu moja ya mwili na hukoma usingizini. Chanzo chake si uchafu wala woga wa mtu, hata kama wasiwasi huizidisha. Hata hivyo, nenda ukapimwe. Anayepaswa kuharakisha zaidi ni yule ambaye jasho limemwanza ukubwani, linamtoka mwili mzima au linalowesha shuka usiku, kwa sababu kifua kikuu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, sukari kushuka, kukoma hedhi na hata baadhi ya dawa za sonona huweza kuleta jasho la namna hiyo.

Kuhusu tiba, kwa kawaida huanza dawa ya kupaka yenye aluminiamu kloraidi, ambayo huziba vinywa vya tezi kwa muda. Hupakwa usiku juu ya ngozi iliyokauka kabisa, kisha huoshwa asubuhi. Wengi huikatia tamaa kwa sababu huipaka asubuhi wakiwa tayari wanatoka jasho, nayo huwawasha bila kuwasaidia. Usoni daktari huchagua yenye nguvu ndogo, nawe huiweka mbali na macho. Ipo pia glikopironiamu ya kupaka, na vipo vidonge kama oksibutinini.

Vidonge hivyo ndivyo ninavyotaka uvifikirie kwa makini, kwa sababu hupunguza jasho la mwili mzima, na jasho ndilo linalotupoza. Kwenye joto la nyuzi 32 na hewa nzito ya pwani, anayevimeza akikaa juani muda mrefu anaweza kuzidiwa na joto bila kujua. Tena hukausha kinywa, huleta choo kigumu na kutia ukungu machoni, na mwenye presha ya macho au tezi dume iliyokua asivitumie kabla ya kumweleza daktari. Sindano za botulinamu huzuia jasho kwa miezi kadhaa, ila ni ghali, na zikichomwa chini mno kwenye paji la uso nyusi huweza kulegea. Upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu kifuani upo pia, lakini mimi siushauri kwa mtu ambaye hajajaribu mengine: kwa wengi jasho huhamia mgongoni, tumboni na mapajani, na huenda hali hiyo isiondoke tena.

Bibi wa Magomeni

Mwanangu, msikilize muuguzi hapo juu kuhusu kupimwa. Mimi nina miaka 53, na jasho lilipoanza kunilowesha mtandio kila saa nilijiambia ni utu uzima, nikavumilia karibu mwaka mzima huku nikikonda na moyo ukinienda mbio. Vipimo vya damu vilionyesha tezi ya shingo. Baada ya miezi kadhaa ya dawa nilirudi kuvaa mtandio mmoja kutwa. Laiti ningekwenda mapema.

Nauliza pia, je, shabu haimsaidii? Sisi tulikuwa tukiitumia makwapani tangu usichana.

Kinyozi wa Sinza

Shikamoo, bibi. Shabu naitumia kufunga damu pale wembe unapokwaruza, na makwapani inapunguza harufu, lakini nimeona ngozi za wateja zikibabuka walipoipaka uso mzima, kwa hiyo usoni simshauri.

Kaka, punguza nywele ziwe fupi. Beba leso za pamba tatu au nne, na ukandamize badala ya kusugua, maana kusugua huchubua. Acha shati la pili ofisini, ulivae ukishatulia. Pale dirishani, weka karatasi safi chini ya mkono na usiiname juu ya fomu. Halafu mwambie mteja mapema, kwa utulivu: "Mimi hutoka jasho jingi kwa kawaida, siumwi." Mteja wangu mmoja, mwalimu, alianza kuwaambia wanafunzi wake hivyo, naye anasema siku anayowaambia jasho humtoka kidogo.

Karani wa Kimara

Nawashukuru kwa dhati. Leo nimekunywa maji kama kawaida, na sentensi ya kinyozi nimeitumia mara mbili. Mteja wa pili aliniambia kaka yake yuko vivyo hivyo. Alhamisi nitakwenda kliniki ya ngozi. Nikipewa dawa ya kupaka na nimenyoa kichwa siku hiyo hiyo, naweza kuipaka usiku?

Muuguzi wa Temeke

Hapana, itakuchoma. Subiri siku mbili baada ya kunyoa, na daktari mwambie kuhusu baba yako.