Dar hadi Lusaka kwa basi: mama atakaa njiani muda gani?

BintiMbagala: Wakuu, shikamooni. Mdogo wangu anaolewa Lusaka na mama kasema lazima awepo. Ana miaka sitini na kitu, akikaa sana miguu inavimba. Ramani ya simu inasema kilomita 1,900 na ushee, saa ishirini na kitu kwa gari. Kwa hiyo akipanda basi stendi ya Mbezi alfajiri, kesho yake asubuhi kashafika?

Kibaha_Kwetu: Ndege, dada. Angani ni kama kilomita 1,500, ya moja kwa moja haizidi saa tatu. Bei ndiyo shughuli.

MzeeWaUyole: Marahaba binti. Hiyo ramani haiijui Tunduma, mpakani na Zambia. Nimeendesha semi, lori la tela, njia hiyo miaka mingi, sikiliza.

Mbezi hadi Tunduma ni kilomita 900 na kitu. Mikumi mnakatiza mbugani kama kilomita 50 na mwendo unashuka, maana tembo na twiga wanavuka. Mlima Kitonga ni kona juu ya kona. Lori moja likizimika pale, wote mnakaa. Iringa, Makambako, Mbeya, na mizani humo humo. Tunduma mnaingia usiku.

Mkivuka, sheria ya Zambia hairuhusu mabasi ya abiria kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo mtalala mpakani. Mama asilale kwenye kiti, tafadhali. Gesti zipo, anyooshe miguu kitandani.

Asubuhi anagonga pasipoti, viza haihitajiki kwa Mtanzania. Abebe na kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Vijana wa kubadilisha pesa watamkimbilia, asifungue pochi barabarani. Halafu saa: Tunduma ikiwa saa mbili, Nakonde, upande wa Zambia, ni saa moja. Amuulize kondakta basi linaondoka kwa saa ya upande gani, hapo watu wanaachwa.

Kutoka Nakonde bado kama kilomita 1,000: Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje, Kapiri, Kabwe. Mpika hadi Serenje ni pori tu. Hesabu siku mbili kamili, ya tatu iwe ya akiba.

Mtu_wa_Reli: Na treni ya TAZARA je? Si angelala kitandani?

MzeeWaUyole: Kitanda kipo, naipenda hata mimi. Lakini reli ina kilomita 1,860 na inaishia Kapiri Mposhi. Lusaka bado kama kilomita 200 za basi. Kwa harusi yenye tarehe, sishauri.

Mimi ningempandisha ndege ya ndani hadi Songwe, kule Mbeya, saa moja na nusu hivi. Uwanja uko barabara ya Tunduma kabisa, siku nzima ya basi mmeikata.

BintiMbagala: Hiyo ya Songwe imenikaa, mzee wangu. Harusi ni Jumamosi. Aondoke lini?

MzeeWaUyole: Jumanne. Alale Tunduma, Jumatano asubuhi avuke, hata basi likilala njiani Alhamisi yuko kwa mwanawe. Ijumaa apumzike, kesho yake acheze vizuri. Kiti cha juu ya tairi akikatae, pale magoti yanakunjwa njia nzima. Dawa zake azipakate, zisiingie kwenye buti.