Tupeane uzoefu: Redio za mazungumzo za AM nchini Marekani

Ndugu zangu, naomba waliowahi kusikiliza redio hizi za AM, yaani zinazorushwa kwa mawimbi ya kati, au kufanya kazi humo watusimulie. Wengi huianza historia ya redio hizi za mazungumzo mwaka 1987, ilipofutwa kanuni iliyozitaka redio zitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Mimi naona chimbuko lake ni la zamani zaidi, na la heshima zaidi. Kituo cha KMOX cha St. Louis, jimboni Missouri, kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1925, kiliondoa muziki wa mchana mwezi Februari 1960 chini ya meneja wake, Robert Hyland, kikawaweka wataalamu studioni ili wasikilizaji wawapigie simu na kuwauliza. Mwaka huohuo KABC ya Los Angeles nayo ikageukia mazungumzo.

Mchangiaji wa kwanza:
Niliendesha lori usiku kwa miaka mingi. Mchana KMOX ilififia kadiri nilivyoiacha Missouri, lakini jua likishazama ilisikika tena, kwa kuwa tabaka la chini la ayonosfia (sehemu ya anga ya juu yenye chembe za umeme), linalofyonza mawimbi ya kati mchana, hutoweka usiku, na matabaka ya juu huyarudisha mawimbi hayo ardhini mamia ya kilomita kutoka kwenye mnara. Mtambo wake ni wa wati 50,000. Nikawajua watu wa St. Louis kwa sauti na kwa hoja zao kabla sijawahi kulala hata usiku mmoja katika mji wao.

Mchangiaji wa pili:
Mimi nilipokea simu katika kituo kidogo ambacho, kama vingi vya aina yake, kililazimika kupunguza nguvu ya mtambo jua linapozama ili kisiingiliane na vituo vikubwa. Muziki ulikuwa umeshahamia FM, yenye sauti safi, kwa hiyo mazungumzo ndiyo yaliyotuweka hai. Kazi yangu ilikuwa kumuuliza mpigaji jina na hoja yake kabla hajaunganishwa na mtangazaji, na nakiri wazi kwamba niliipenda mno. Baadaye mmiliki aliona ni nafuu kupokea kwa setilaiti kipindi kinachorushwa nchi nzima, akakifuta kile chetu cha asubuhi. Hata hivyo wasikilizaji waliendelea kupiga simu ofisini, wakiuliza kama mto umefurika na barabara ipi imefungwa. Niliwajibu mmojammoja, kwa kuwa hapakuwa tena na kipindi cha kuwajibu wote kwa pamoja.